Goti la Mzee Térence Limemaliza Rodage

Leo, Jumamosi tarehe 30 Januari 1999, Mzee Térence Nzisabira anavua ovaroli yake baada ya kuitumikia Garaji Subira ya Buyenzi kwa miaka thelathini na mmoja. Kuanzia kesho ni mstaafu. Kesho yenyewe ni Jumapili, kwa hiyo hataona tofauti yoyote. Jumatatu ndiyo itamuuma.

Karatasi hii ilikuwa iandikwe na mtu wa ofisini. Na kweli aliandika, ukurasa mzima, kila sentensi ikianza na "mchapakazi". Hadji Swedi, mwenye garaji, alianza kuisoma, akapiga miayo, akaikunja, akaniita: "Eddy, weye uko na mdomo. Andika." Basi naandika. Shule nimeishia ya saba, lakini mkono wangu unasomeka, na kwenye mambo ya mpira mimi si wa kuhadithiwa, mimi ndiye namba tisa wa timu. Mkikuta kosa, ni la mashine ya kuchapa.

Mzee Térence aliingia hapa mwaka 1968, kijana mwembamba, akapewa ufagio. Mwenye garaji wa wakati ule, baba yake Hadji, alimwambia afagie mpaka aitwe. Hakuitwa. Siku moja akauacha ufagio, akaingia chini ya lori lililokuwa limewashinda wakubwa wake, na hakuna aliyemwona tena mpaka jioni, lori lilipowaka. Tangu siku hiyo ni mtu wa injini. Amekuwa fundi, amekuwa fundi mkuu, amefundisha nusu ya mafundi wa Buyenzi, na nusu nyingine wanadanganya kwamba aliwafundisha.

Msidhani ni malaika. Kutengeneza gari anajua, kuendesha ni habari nyingine. Mikwaruzo yote mnayoiona kwenye geti letu ni yake. Akikaa kwenye usukani sisi tunapanda juu ya matairi. Mteja mmoja alimwomba amletee gari lake nyumbani, akaletewa gari na kipande cha uzio wa jirani.

Lakini sifa yake kubwa, ambayo itabaki hapa hata yeye akiondoka, ni ile sheria ya kifaa cha zamani. Mnajua watu wa mjini wanavyotusema: "Fundi wa Buyenzi anakwambia amebadilisha, kumbe amepangusa." Mzee Térence neno hilo lilimchoma. Akaamuru kwamba hapa Subira hakuna mteja anayetoka bila kupewa mkononi kile kilichotolewa kwenye gari lake, kimefungwa vizuri katika gazeti, akione, akiguse, aende nacho. Utake usitake. Mama mmoja wa Rohero alikuja na gauni jeupe la harusi ya dada yake, akaondoka na chujio la mafuta machafu mapajani. Alilia, lakini alirudi mwaka uliofuata, maana sasa alikuwa anatuamini.

Na embargo ilipokuja, mwaka 1996, nchi za jirani zikafunga njia, spea zikapotea kama chumvi kwenye maji, ndipo tukaona vidole vya huyu mzee. Alikata gasketi kwenye maboksi ya maziwa. Alichonga bushi kwenye matairi ya zamani. Kuna basi dogo linatembea mjini mpaka leo na kipande cha kandambili yangu ya kushoto tumboni. Siku ambazo barabara ya kwao Mutakura ilifungwa kwa sababu ya risasi, alilala kwenye kiti cha nyuma cha gari la mteja, na asubuhi mteja akakuta gari limepona na kiti kimetandikwa.

Sasa tuingie kwenye mpira, maana najua ndicho mlichokaa kusubiri.

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, garaji letu linacheza na wauza spea wa ng'ambo ya barabara. Tunacheza asubuhi, ili kila mtu arudi kwake mapema kabla askari vijana wa kwenye vizuizi vya barabarani hawajachoka na jua. Kombe hakuna. Kuna kamioneti. Ni ile pikapu, Peugeot 404 ya Hadji Swedi, ambayo injini yake ilitolewa zamani ikawekwa kwenye gari jingine, halafu hilo gari jingine likaibwa. Walioshindwa wanaisukuma kutoka uwanjani mpaka getini kwetu, na walioshinda wamekaa nyuma wanaimba, wanakula ndizi, na maganda yanajulikana yanakwenda wapi. Ushindi unahesabika gari likifika getini nawe ukiwa ndani. Ukishuka njiani, hujashinda. Mambo haya hayajaandikwa popote, lakini jaribu kuyavunja uone.

Niseme na hili, halafu nirudi kwenye utani. Miaka hii watu wa mji huu wameulizana mengi kabla ya kukaa pamoja. Nyuma ya ile kamioneti, mtu aliulizwa tu kama ana mabega.

Mzee Térence alikuwa kapteni wetu na libero, yule beki wa mwisho anayebaki nyuma kufunga mlango. Amecheza mechi zote tangu desturi hii ianze, na zote tumeshindwa. Wauza spea wanakaa kwenye viti kutwa nzima, miguu yao ni mipya. Halafu wana Birindwa. Huyu ni mtu wa Bukavu, duka lake linatazamana na geti letu, ana miguu mirefu na mdomo mrefu kuliko miguu. Kwa hiyo fundi mkuu wa Garaji Subira, anayeyafanya magari ya watu yatembee, kila mwaka mtaa mzima unamwona akisukuma moja lisilotembea, na Birindwa amekaa juu anapiga mluzi: "Fundi! Ongeza mafuta!"

Mwaka jana, kabla ya mechi ya Idi, Mzee alitukusanya karibu na kompresa. Tarehe ya kustaafu ilishajulikana. Akasema hataki saa ya ukutani, hataki blanketi, hataki picha kwenye fremu. Anataka kitu kimoja: akae nyuma ya ile 404, asukumwe na Birindwa mpaka getini, ndipo aende nyumbani. Zilikuwa zimebaki Idi mbili.

Ya kwanza ndiyo hiyo iliyommaliza goti. Na msifikiri aliumia kishujaa. Aligeuka kumtukana refa. Mguu wa kulia ukabaki unamtazama Birindwa, mwili ukamgeukia refa, na katikati kitu kikalia kama tawi kavu. Akasema si kitu. Tukafungwa. Akasukuma gari kama kawaida, maana kapteni ndiye anashika kona ya kushoto, na pale kwenye mwinuko wa barabara goti likajikunja na likagoma kunyooka. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, akatutangazia ugonjwa wake mwenyewe: "Imekwama mu vitesi ya pili," yaani gia.

Hata Birindwa aliacha kupiga mluzi. Akamnyooshea mkono kutoka juu: "Panda, Mzee, twende na weye." Mzee akamtazama. "Apana. Mi nitapanda siku nimeshinda." Tukampeleka hospitali kwa mkokoteni wa kubebea saruji.

Daktari alimweleza vizuri kabisa. Ndani ya goti, kati ya mfupa na mfupa, kuna vipande vya gegedu, kama mito miwili midogo ya kulalia. Kimoja kimechanika, kipande kimejikunja, ndicho kinachozuia mlango. Watafungua, watakata kile kilichochanika, watafunga. Mzee akauliza wataweka kipya cha wapi. Daktari akasema hakuna kipya. Kinakatwa tu, basi, na mtu anaishi.

Habari hii ilipofika garajini, kazi ilisimama. Wanafanya nini hao? Wanatoa gasketi hawarudishi nyingine? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa akifanya hivyo anafukuzwa kabla ya chai. Tulitaka kutuma ujumbe. Hadji Swedi akatuzuia, akasema ile ni hospitali, si garaji, nasi tukamjibu kwamba ndiyo maana tuna wasiwasi. Birindwa akavuka barabara na kifurushi cha karatasi inayong'aa, akasema jamaa yake wa Uvira amempitishia goti hilo hilo, jipya, mali ya asili. Ndani kulikuwa na bushi ya suspensheni ya Toyota. Msicheke. Mzee Térence aliigeuza mkononi kwa muda mrefu, akaipima kwa kidole, kabla ya kumrushia kichwani.

Operesheni ilifanyika mwezi wa Machi. Alipozinduka, mkewe Mama Odette alikuwa ameshika rozari, amejiandaa kusikia neno la shukrani kwa Mungu, au hata jina lake yeye. Mzee akafungua jicho moja: "Kifaa changu cha zamani kiko wapi?"

Nesi akadhani ni dawa ya usingizi inamsemesha. Haikuwa dawa. Ilikuwa sheria. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote amewafungia wateja uchafu wao kwenye gazeti. Leo yeye ni mteja, na anaambiwa kimetupwa? "Nitajuaje kama mulikata?" akawauliza. "Pengine mulipangusa tu!" Aligoma kula. Aligoma kugeuka upande. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyetolewa kidole tumbo, akaanza naye kuuliza cha kwake kiko wapi. Wodi ikataka kuchemka. Mwishowe daktari mwenyewe akaja na kichupa kidogo, na ndani ya maji kuna kitu cheupe kama kipande cha nazi. Mzee akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Imechanika kweli," akaomba gazeti.

Kichupa kile kilikaa hapa kwenye rafu yetu, kati ya sahani ya klachi iliyoungua na pistoni iliyovunjika, na wateja wakaonyeshwa kama mfano wa kazi ya ukweli. Mpaka Hadji Swedi alipokiona akitoka kutawadha. Alipiga kelele tukadhani kaona nyoka. Nyama ya mtu haikai rafuni, inazikwa, awe Mwislamu awe nani! Basi tukaizika siku hiyo hiyo nyuma ya tangi la maji, Hadji akisimamia, Mzee amesimama na magongo yake, kofia mkononi, ana huzuni kama mtu aliyefiwa na ndugu wa mbali.

Ndipo akaanza kurudi.

Hospitali walimkabidhi kwa Elvire, binti wa mazoezi ya viungo, mdogo wa mwili, mkali wa sauti. Elvire akampa mpango: kwanza kukaza paja, halafu baiskeli, halafu kutembea kwa haraka, halafu kukimbia polepole, na mpira mwisho kabisa, paja la kulia likishakuwa na nguvu kama la kushoto, goti likiwa halivimbi. Mzee alisikiliza yote akitingisha kichwa, akasema, "Nimeelewa. Ni rodage."

Kwa msiojua kazi yetu: injini ikifunguliwa na kufungwa upya haikimbizwi. Inatembezwa taratibu, bila mzigo, mpaka vyuma vizoeane, na nyuma ya gari tunabandika neno RODAGE ili wenye haraka wapite. Mzee Térence akakata boksi la sabuni, akaandika RODAGE kwa rangi nyekundu ya kupakia magari, akatoboa matundu, akapitisha kamba, akajivika mgongoni. Akaanza kutembea nalo. Kutoka Mutakura mpaka Buyenzi, kila asubuhi, mzee wa watu, ana suruali ya mazoezi na kibao mgongoni. Waendesha baiskeli walimpita wakipiga kengele kwa heshima.

Askari wa kizuizi hawakuchekeshwa. Siku ya kwanza walimsimamisha. Kibao kile ni alama ya nini? Ni ya kundi gani? "Ni ya goti, chef," akasema. Goti gani? "La kulia. Limetoka garaji." Bunduki ikainuka kidogo. Wakamwamuru akunje suruali. Wakaona kovu. Koplo mmoja, ambaye zamani alikuwa dereva wa malori, akapasuka kwa kicheko mpaka akakaa juu ya gunia la mchanga. Baada ya hapo kila asubuhi walimfungulia kamba yote, kama gari, wakimuuliza kwa sauti: "Mzee! Moto iko sawa? Haichemuki?" Naye anajibu, "Inapanda vizuri!" Sisi wengine tulikuwa tunaonyesha vitambulisho mpaka vimepauka; yeye alipita kwa goti.

Pale Elvire alipomwambia afunge mzigo mdogo wa mchanga kifundoni, anyanyue mguu akiwa amekaa, yeye alifunga ngoma ya breki ya lori. Elvire alikuja garajini kumtembelea, akamkuta ameketi juu ya benchi, mguu unapanda na kushuka na ule mchuma, jasho linamtoka. "Mzee, nilisema mchanga!" "Binti, mchanga hauna heshima." Alimnyang'anya ngoma mbele ya wateja. Tangu kumjua Mzee, sikuwahi kumwona akinyang'anywa kitu, hata Mama Odette humwomba kwanza.

Mpaka mwezi wa Septemba mambo yalikwenda. Alikuwa anakimbia polepole kando ya barabara, na alianza kututazama sisi wachezaji kwa jicho la mtu mwenye mipango. Hapo ndipo shetani alipopiga pasi. Jumapili moja, karibu na nyumbani kwake, watoto wanacheza na mpira wa matambara, mpira ukamfuata mwenyewe miguuni. Akasema ataurudisha tu. Akaurudisha, akaufuata, akaomba arudishiwe. Jioni goti lilikuwa kama boga.

Elvire na daktari wakalivuta maji kwa sindano. Mzee alipoyaona ndani ya bomba, ya njano, akafurahi: "Munaona! Hata rodage ya gari, mafuta ya kwanza lazima yamwagwe! Hii ni vidange!" Elvire akamjibu, "Mzee, hii si vidange. Hii ni adhabu." Na daktari akaongeza kwamba goti lisilo na mto wake wote likivimba tena hivyo, asahau mpira mpaka kaburini. Atatembea, ndiyo. Kucheza, hapana.

Aliporudi garajini siku hiyo alivaa ovaroli, akaingia chini ya gari. Hakumtukana mtu. Hakumuuliza yeyote spana namba kumi na nne iko wapi. Tulifanya kazi kwa ukimya mpaka mteja aliyefika getini akageuza, alidhani tumefunga. Idi moja ilikuwa imebaki, na mtu wetu alikuwa anaweza kuikosa kwa sababu ya mpira wa matambara. Mama Odette akamaliza kesi: alivificha viatu vyake vya mpira. Mzee alipekua nyumba nzima. Alikuwa anauliza kwa ujanja, "Hivi, mama, panya hawajala kitu changu?" naye anajibu, "Panya wa hapa wana akili kuliko wewe."

Basi akanywea. Akaanza upya, mchanga badala ya ngoma, kutembea badala ya kukimbia, akimsikiliza Elvire kama mtoto wa komunyo. Oktoba, Novemba, Desemba. Mwezi wa Ramadhani Hadji alifunga chakula, Mzee akafunga mpira.

Na Jumamosi iliyopita Idi yetu ikafika.

Mzee alikuja uwanjani na kibao chake mgongoni, akakaa kwenye benchi. Elvire alikuwepo, amekunja mikono. Alikuwa amempa ruhusa ndogo: mwishoni tu, na asigeukie refa. Kasoro ilikuwa viatu. Hana. Alikuwa amejiandaa kuingia na ndara.

Kipindi cha kwanza walitufunga, bao la Birindwa, la bahati. Kipindi cha pili nikasawazisha mimi. Sisemi sana, wenye macho waliona: nilipokea kwa kifua, nikageuka, nikapiga. Wauza spea wanasema golikipa wao alikuwa anasikiliza redio ya muuza chai, ambayo ilikuwa inasema wakubwa wanakutana Arusha juu ya embargo, na akili yake ilishafika bandarini. Hayo ni maneno ya walioshindwa. Bao lilikuwa bao.

Karibu na mwisho, Mzee akasimama. Akavua kibao, akamkabidhi Hadji Swedi. Na hapo Mama Odette, ambaye hakuna aliyemwona akija, akapenya kati ya watu na mfuko. Viatu vilikuwa ndani ya gunia lake la unga wa maandazi muda wote huo. Vilitoka vyeupe kama vya bwana harusi. Akampa bila kumtazama: "Ukivunjika, usiniite." Mzee akafunga kamba taratibu, na uwanja mzima ukamsubiri, hata refa.

Aliingia, akasimama nyuma, mahali pake. Hakukimbia. Alikuwa anahama hatua chache huku, hatua chache kule, kama mtu anayepanga viti. Halafu beki wetu akateleza, na Birindwa akabaki peke yake na mpira, mbele yake Mzee Térence tu, na nyuma ya Mzee goli.

Birindwa angeweza kumzunguka. Angeweza kupita juu yake. Alikuja kwa kasi, akakaribia, na nikamwona macho yake yanashuka kwenye lile goti alilolitania mwaka mzima. Akapunguza mwendo. Kidogo tu. Mzee akamfokea, "Pita basi, unaogopa nini!" na wakati huo huo akaweka mguu, ule ule wa kulia. Wingu la unga likapanda. Lilipotulia, mpira ulikuwa kwake. Akainua kichwa, akanitafuta, akanipigia mpira mrefu ambao ulishuka mbele yangu kama umewekwa kwa mkono. Bao lile hata bibi yangu angelifunga. Nililifunga mimi, na naomba liandikwe hivyo.

Mpaka leo Birindwa anasema alimhurumia. Sisi tunasema alikabwa. Watakufa wanabishana, na kila mmoja ana nusu ya haki.

Sasa kamioneti. Mzee Térence alipanda, mguu mzima kwanza kama Elvire alivyomfundisha kupanda, akakaa juu ya tairi la akiba katikati yetu. Alikuwa na ndizi. Hakuila, aliishika tu. Chini, Birindwa akashika kona ya kushoto, wauza spea wakainama, gari likasogea. Mlipaswa kuiona sura ile. Mtaa ulikuwa umejaa, watu wanapiga makofi, na yeye anatazama mabega ya watu wengine yakifanya kazi yake.

Tukafika kwenye ule mtaro ulio wazi, kwenye kona ya fundi wa viti. Wauza spea hawajui kusukuma. Kutwa wanainua boliti. Gurudumu la mbele likatumbukia. Wakasukuma, likazama. Wakasukuma vibaya zaidi, kitu kikaanza kusaga chini. Sisi juu tunacheka, tunarusha maganda. Mzee hacheki. Anasikiliza ule msuguano. Uso unamkunjamana kama anakanyagwa yeye. Tukamwambia, kaa, Mzee, hiyo ni kazi yao. Akakaa. Kukalia moto kungekuwa rahisi.

"Mutaniulia gari!" akapasuka. Kabla hatujamshika, ameshashuka, mguu wa operesheni kwanza, kama alivyofundishwa kushuka, akamsogeza Birindwa pembeni, akaweka bega kwenye kona ya kushoto, akawapa sauti. Gari likatoka mtaroni kwa mara moja. Hakuna aliyelitazama gari. Mtaa mzima ulikuwa unatazama goti. Mzee akalikunja, akalinyoosha, akalikunja tena. Elvire akaacha kujishika kichwa. "Inatembea," akasema Mzee, na akaendelea kusukuma, akaimba, akasukuma mpaka getini, bila kukumbuka kabisa kwamba alikuwa mshindi.

Birindwa ndiye aliyemkumbusha, mbele ya geti, akihema: "Fundi, umeshuka njiani. Aihesabiki."

Sheria ni sheria, na huyu mzee ndiye aliyetufundisha kuziheshimu. Ameshinda nusu. Wiki hii embargo imesimamishwa, spea zitaanza kuingia, naye ndiyo anatoka, na nusu ya safari yake imebaki kwenye ule mtaro. Hatuwezi kumwacha aende hivyo.

Kwa hiyo, baada ya soda na hotuba ya Hadji, ambayo ameahidi itakuwa fupi, wote mnaombwa kutoka nje. Ile 404 tumeirudisha asubuhi hii pale pale mtaroni. Wauza spea wameshafika, Birindwa yuko kona ya kushoto, na amekubali kusukuma mpaka getini bila mluzi. Mama Odette atakaa mbele. Kile kibao cha RODAGE tumekifunga nyuma ya gari, kwa ajili ya mabega ya Birindwa, ambayo bado ni mapya.

Mzee Térence, asante kwa injini, kwa matusi, kwa magazeti yenye vifaa vya zamani. Kandambili yangu nakusamehe. Tunakuombea siku ndefu zenye afya, watoto wenye mpira wa ngozi, na goti lisilohitaji kumwagwa mafuta tena. Ukisikia kitu kinasaga leo njiani, kiache kisage. Ni gari letu sasa.

Panda, baba. Safari hii usishuke.